Mguu Uliopinda na Foleni ya Eksirei

Hotuba kwa matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya kando ya ziwa, Mwanza

Mganga Mkuu wa Wilaya, waganga wafawidhi, matabibu, wauguzi, na ninyi viongozi wa bodaboda na wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: mwangaluka! Naona watu wa Ukerewe mmekaa pamoja kule nyuma. Sogeeni mbele, huku hakuna nauli.

Mada niliyopewa imeandikwa kwenye ratiba kwa maneno marefu, nami nitaifupisha. Mtu ameletwa, kifundo cha mguu kimevunjika na kimechomoka, wayo unaangalia pembeni. Je, aende kwanza eksirei, au mguu urudishwe kwanza ndipo picha ifuate? Aliyezoea hospitali kubwa anaweza kuliona swali hili dogo. Anayefanya kazi visiwani, Ukara au Kome, anajua si dogo hata kidogo, maana kwake picha ya kwanza inaweza kuwa ng'ambo ya maji.

Nianze na jibu langu, asije mtu akasinzia akalikosa. Mguu ukiwa umepinda waziwazi, na ngozi imevutika au wayo umepoa, hausubiri picha. Unarudishwa, unafungwa, ndipo unapigwa picha. Ukiwa umepinda lakini damu inafika na ngozi haijabanwa, na mashine ipo, umeme upo, mpigaji yupo, basi piga picha kwanza. Ila iwe picha ya dakika chache, isiwe ya foleni. Muda wote nitakaobaki nao hapa ni wa kueleza kwa nini, na mguu unarudishwaje.

Kifundo cha mguu kimejengwa kama maungio ya fundi wa mitumbwi, ulimi wa mbao ndani ya tundu lake. Tundu hilo ni mifupa miwili: muundi juu na upande wa ndani, na fibula, ule mwembamba, upande wa nje. Zile nundu mbili unazozishika ukikamata kifundo chako ndizo kuta zake. Ulimi ni talasi, mfupa unaokalia kisigino. Wayo ukinasa na mwili ukazunguka, kuta zinapasuka na talasi inatoka, mara nyingi kwa nyuma na kwa nje.

Hapa kwetu jeraha hili halikosi pa kutokea. Kuna wanaoishi juu ya mawe, Mabatini na Igogo, ambao mvua ikinyesha njia ya kushukia barabarani inakuwa mtelezo mtupu. Kuna abiria wa bodaboda ambaye pikipiki imemlalia mguu. Kuna kijana wa dagaa anayerudi alfajiri, amechoka, anaruka kutoka kwenye mtumbwi akidhani chini ni mchanga, kumbe ni jiwe lenye utelezi. Huyo wa tatu tutarudi kwake.

Wengi wetu tulifundishwa kuutazama mfupa. Leo naomba mtazame ngozi. Upande wa ndani wa kifundo hakuna nyama: ni mfupa, kisha ngozi, basi. Talasi ikienda nje, ncha ya muundi inabaki pale inaisukuma ngozi kwa ndani, na mishipa midogo inayoilisha inabanwa. Vitabu vinasema ngozi hiyo huwa nyeupe. Vitabu hivyo picha zake ni za Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuta kung'aa, tafuta rangi ya kijivujivu, gusa usikie kama imepoa kuliko ngozi ya jirani yake, bonyeza uone kama rangi inarudi. Ukikaa ukisubiri weupe wa kwenye kitabu, utakuja kuona weusi wa ngozi iliyokufa.

Ngozi ikifa hapo, jeraha lililokuwa limefunikwa na ngozi linakuwa jeraha la wazi, siku kadhaa baada ya ajali, mgonjwa akiwa mikononi mwetu. Mahali ambapo mpasuaji alitaka kupitisha kisu hapapitiki tena. Kifundo kilichovunjika bila matatizo hukaa kwenye hogo, yaani plasta ngumu, wiki 6 hivi. Kidonda kilichofika kwenye mfupa kinaweza kula miezi, na wakati mwingine kinaishia kwenye kukatwa mguu.

Damu nayo ina saa yake. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kuharibika bila kurejea baada ya saa 6 hivi, na saa hizo zinahesabiwa tangu alipoanguka, si tangu alipofika kwako. Uvimbe pia: kadiri kiungo kinavyokaa nje ndivyo mguu unavyofura, malengelenge yanatokea, na upasuaji ambao ungefanyika mapema unaahirishwa wiki moja au mbili mpaka ngozi ianze tena kuwa na mikunjo. Siku zote hizo mgonjwa yuko kitandani na ndugu zake wanalipa chakula na nauli.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 1756 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's huko London, aliangushwa na farasi akavunjika mguu vibaya, mfupa ukatoka nje. Alikataa kunyanyuliwa ovyo. Alilala pale pale barabarani mpaka ulipopatikana mlango wa kununua, ukapigiliwa miti ya kubebea, akapelekwa nyumbani juu yake. Wenzake walikuwa wameshaamua kuukata mguu. Mwalimu wake wa zamani, Nourse, alifika kabla kisu hakijaanza, akaona unaweza kuokolewa, na ukaokolewa. Mwaka 1768 Pott akachapisha kitabu chake juu ya mifupa iliyovunjika na viungo vilivyochomoka, na ndani yake akaeleza jeraha hili hili la kifundo ambalo mpaka leo wengine wanaliita kwa jina lake. Jambo alilolisisitiza ni hili: ukitaka kurudisha mfupa, kwanza legeza misuli, kunja goti. Nitalirudia neno hilo mbele, kwa sababu nimeona vijana wenye nguvu wakivuta mguu ulionyooka mpaka jasho likawatoka, na talasi imekaa kimya mahali pake pabaya.

Röntgen aliigundua miale ya eksirei mwaka 1895. Kwa hiyo kuanzia kitabu cha Pott mpaka picha ya kwanza ni miaka zaidi ya 120, na katika muda wote huo vifundo vilirudishwa kwa macho na mikono. Sisemi vilirudishwa vizuri. Wengi walibaki vilema, na ndiyo maana picha ni kitu cha thamani. Ninachosema ni kwamba mikono ilitangulia, na haijasahau kazi.

Wenye kutaka picha kwanza wana hoja, na ni hoja za watu makini. Picha inaonyesha mfupa umeelekea wapi, kwa hiyo unajua uvute upande gani. Inaonyesha kama tatizo si la kifundo chenyewe bali la kiungo cha chini yake, kati ya talasi na kisigino, ambacho kikichomoka nacho kinaupinda wayo na kinarudishwa kwa namna tofauti. Upo utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 ulioona kuwa waliovutwa kabla ya picha walilazimika kuvutwa tena mara nyingi zaidi kuliko waliopigwa picha kwanza. Siupuuzi. Kumvuta mtu mara mbili ni maumivu mara mbili na uvimbe mara mbili.

Lakini angalieni utafiti huo ulifanyika wapi. Ulifanyika mahali ambapo mashine iko mwisho wa korido. Na hata hao hao Waingereza, chama chao cha madaktari wa mifupa kilipotoa mwongozo wa vifundo mwaka 2016, kilisema mguu uliopinda urudishwe na kufungwa kwa haraka, picha ipigwe kabla, isipokuwa kama kuisubiri kutaleta ucheleweshaji usiokubalika. Maneno hayo ya mwisho waliyaandika wakifikiria foleni ya hospitali yao. Mimi nikiyasoma naona Ziwa Victoria lote limelala ndani yake.

Turudi kwa kijana wetu wa dagaa. Tuseme ameumia Ukara saa 12 alfajiri. Wenzake wanasema ameteguka tu, wanamkanda na maji ya moto, mafuta yanapakwa, wanavuta kidogo, inapita saa nzima. Anafikishwa kituo cha afya. Hakuna eksirei inayofanya kazi, kwa hiyo anaandikiwa rufaa. Anasubiri kivuko kwenda Bugolora, kisha gari mpaka Nansio, mji mkuu wa Ukerewe. Nansio wakiwa na mashine na mpigaji, vizuri. Kama siku hiyo haiko sawa, ni meli mpaka Mwanza, na ukishaikosa meli umeikosa. Akifika mjini anakuta foleni, mbele yake kuna walioumia kichwa na tumbo, nao wana haki ya kutangulia. Hesabuni wenyewe. Kila aliyemshika alifanya kitu cha busara kwa kipimo chake, akaandika rufaa, akapima presha, akatoa diklofenaki. Hakuna aliyeugusa mguu. Kila mmoja alikuwa anasubiri picha ya mwenzake.

Na foleni yenyewe, tusijidanganye, tunaijaza sisi. Kila anayechechemea anaandikiwa eksirei. Zipo kanuni za Ottawa, zilizotengenezwa Kanada mwaka 1992, kwa ajili ya kifundo ambacho hakijapinda. Kama mfupa hauumi ukibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa nundu zile mbili, sentimita 6 za chini, wala kwenye ncha zake, na mtu anaweza kutembea hatua 4, basi kifundo hicho hakihitaji picha. (Mbele ya wayo pana kanuni zake ndogo, zisomeni.) Hizi ni kwa mtu mzima asiyelewa, mwenye hisia kamili miguuni; mwenye kisukari cha muda mrefu simuamini hata akiniambia hasikii maumivu. Tukizitumia, anayehitaji picha leo ataipata leo.

Najua kinachowatia hofu si elimu. Hofu ni ndugu wa mgonjwa. Umevuta, umesikia mlio, picha imepigwa baadaye ikaonyesha fibula imevunjika, na mjomba mtu anasema mbele ya watu: daktari ndiye aliyemvunja. Hofu hiyo ni ya kweli na ina dawa. Kabla hujagusa, piga picha ya mguu kwa simu, kwa ridhaa ya mgonjwa, pembe mbili, saa ionekane. Waite ndugu wawili waone jinsi ulivyopinda. Waambie kwa sauti kuwa mfupa umeshavunjika, ninachofanya ni kuurudisha ili damu ipite. Andika kwenye faili saa, hali ya ngozi, hali ya mapigo, na kama anaweza kuchezesha vidole. Picha hiyo ya simu itamsaidia hata mpasuaji, maana akimpokea mgonjwa mguu umeshanyooka hajui ulikuwaje. Tafadhali isiende kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni mguu wa mtu.

Na PF3, ile fomu ya polisi, kwa walioumia barabarani: karatasi ile ina kazi yake kwa polisi na kwa bima, ndugu waifuate huku wewe unatibu. Mguu usio na damu hausubiri mhuri.

Sasa kazi yenyewe. Mkataze kula kwa kuwa huenda akapewa dawa ya usingizi. Vua kiatu, kata kamba kama hakitoki, vua pete za vidole vya mguu. Tafuta mapigo juu ya wayo, halafu nyuma ya nundu ya ndani. Tia alama ya kalamu pale ulipoyapata, ili baadaye usiyatafute upya. Bonyeza ukucha wa kidole gumba uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Maumivu yatulizwe. Ganzi ndani ya kiungo inafanya kazi nzuri: lidokeini ya asilimia 1, mililita 10, kwa sindano safi kupitia ngozi safi isiyo na jeraha, ukivuta kwanza uone damu iliyokusanyika ndipo usukume dawa. Anayejua ketamini, dawa ya usingizi, na ana mtu wa pili wa kutazama upumuaji, mwenye ambubegi, mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, mkononi, aitumie, miligramu 1 kwa kila kilo, polepole mshipani. Asiye na mtu wa pili asiiguse. Hapo sina mjadala: mguu usiokolewe kwa gharama ya pumzi.

Mlaze mgonjwa, goti likunjwe nyuzi 90, ukingoni mwa kitanda au mikononi mwa msaidizi anayeshika paja. Hilo ndilo neno la Pott. Misuli mikubwa ya nyuma ya mguu inaanzia juu ya goti na inaishia kisiginoni. Goti likinyooka inakaza, na unashindana nayo bure. Mkono mmoja ushike kisigino, mwingine ushike juu ya wayo. Anza kuvuta taratibu kuelekea kule kule mguu ulikopindia, usiugeuze kwanza. Vuta bila kupumzika, kama dakika nzima, bila kurusharusha. Ukihisi umelegea, lete kisigino mbele na ndani, na uzungushe wayo urudi mahali ambapo kidole gumba kinatazamana na goti. Mara nyingi utausikia na kuuhisi ukiingia, na uso wa mgonjwa utakuambia kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna mofini inayoshinda kiungo kilichorudi mahali pake.

Aliye peke yake ana njia nyingine, aliyoiandika Quigley mwaka 1959 huko Marekani. Baada ya ganzi, unavalisha soksi ya bendeji kwenye wayo, unaining'iniza kupitia kidole gumba kwenye boriti au stendi imara, goti limekunjwa, na uzito wa mguu wenyewe unaurudisha mfupa wakati wewe unalowanisha plasta. Kwa mzee mwenye ngozi laini siipendi sana, itamchubua.

Shika pale pale uliporudisha, usiachie, wayo nyuzi 90 na muundi, na msaidizi afunge. Pamba ya kutosha hasa kisiginoni na kwenye nundu. Hogo la nusu, nyuma, kuanzia chini ya vidole mpaka chini ya goti, na kipande kingine kinachopita chini ya kisigino kikapanda pande zote mbili. Maji ya kawaida, si ya moto, kwa sababu plasta hutoa joto lake. Hogo la mzunguko mzima kwenye mguu wa siku ya kwanza ni kosa. Mguu utafura, hogo halitafura. Kisha tafuta mapigo tena palepale ulipotia alama. Inua mguu juu ya mto.

Mkipata mapigo hamna haja ya kushangilia, na msipoyapata msijipe moyo. Mguu umerudi na wayo bado umepoa, hiyo ni dharura ya mshipa, simu ipigwe hospitali ya rufaa kabla mgonjwa hajapakiwa. Ukijaribu mara mbili umeshindwa, acha. Kuna mifupa inayonaswa, kano imeingia katikati, na hata bingwa atahitaji kuifungua. Funga ulivyo, mpeleke. Mtoto ambaye bado anakua avutwe mara moja tu, kwa upole, kwa kuwa ncha za mifupa yake ndizo zinazomrefusha. Na kama muundi umevunjika juu zaidi, au huelewi kabisa unachokishika ni nini, nyoosha tu uelekeo wa mguu kwa kuvuta kidogo, funga, mpeleke.

Jeraha likiwa wazi, toa uchafu unaoonekana, mwagia maji ya dripu kwa wingi, funika kwa shashi iliyolowa, halafu rudisha mguu vilevile. Mfupa uliotoka nje na kuminya ngozi ndio unaohitaji kurudi upesi zaidi. Antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja, kinga ya pepopunda, na bendeji isifunguliwe kila zamu ili kila mtu achungulie. Ndiyo maana ya ile picha ya simu: anayetaka kuona kidonda akione hapo. Halafu andikeni kwenye rufaa kama jeraha liliingia maji ya ziwa. Kwenye maji baridi kuna bakteria aina ya Aeromonasi ambao si kila antibayotiki ya kawaida inawamudu, na sisi tunaopokea mgonjwa amevaa shuka safi hatuwezi kujua aliogelea au hakuogelea.

Ndipo sasa picha. Hii ndiyo picha ambayo sikubali ikosekane. Ipigwe mguu ukiwa ndani ya hogo: ya mbele, ya ubavu, na moja wayo ukiwa umezungushwa kwa ndani nyuzi 15 hadi 20 ili tundu lote lionekane. Mwaka 1976 Ramsey na Hamilton walionyesha kuwa talasi ikihama kwa nje milimita 1 tu, eneo la mgusano wa kiungo linapungua kwa asilimia 42. Milimita moja hakuna jicho linaloiona kwa nje. Mguu unaweza kuonekana mzuri kabisa, mama yake akafurahi, na ndani kiungo kikaanza kujisaga. Kwa hiyo mkono unaokoa ngozi na damu, na picha ndiyo inayoamua kama umerudisha au umenyoosha tu. Sitiskani, ile mashine ya picha za vipande vipande, pale hospitali ya Bugando, nayo huja baada ya kurudishwa, hasa ukuta wa nyuma wa muundi ukiwa umepasuka. Kumpitisha mtu kwenye sitiskani mguu bado uko nje ni kupiga picha za vurugu.

Ndugu zangu wa bodaboda, niliyoyasema kuhusu kuvuta si yenu. Ninyi msivute. Kazi yenu ni mguu usining'inie. Mbao mbili au mto, kanga mbili, fungeni ulivyo. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, pasipakwe kitu, si mafuta ya breki, si majani. Msimkande. Na msimpakie mshikaki katikati ya watu wawili huku wayo unagonga kwenye sailensa. Tafuteni bajaji au gari, akae ameunyoosha mguu kwenye kiti. Yule mzee wa kuunga mifupa mnayemwamini, sigombani naye, ila mwambieni mguu uliopoa aulete kwetu siku hiyohiyo.

Ngoja nichukue swali moja kabla ya chai. Dada kutoka visiwani anauliza: usiku yuko peke yake zahanati, tabibu amesafiri, mguu umepinda, wayo umepoa, meli ni asubuhi. Avute?

Dada, kwanza piga simu, uweke sauti ya nje, mtu wa zamu hospitali ya wilaya au ya rufaa akae nawe hewani. Kama wayo haujapoa na ngozi haijabanwa, usivute: funga ulivyo, inua, kagua kila nusu saa, andika kila unachokiona, asubuhi asafiri. Kama umepoa kweli, kama ulivyosema, vuta. Mpe dawa ya maumivu uliyonayo, goti likunjwe, ndugu yake ashike paja, uvute mara moja, kwa utulivu, kwa maelekezo ya aliye kwenye simu. Mguu ukirudi, funga. Usiporudi, funga pia, na mtafute boti usiku huohuo. Mwenyekiti wa BMU wa kwenu yuko hapa, mmeonana. Namba ya mwenye boti iandikwe ukutani, si kwenye simu yako peke yake, na mpatane leo mafuta ya dharura nani anayalipa, si saa 8 usiku mkiwa ufukweni.

Chai isichukue zaidi ya robo saa. Ndoo na plasta ziko meza zile tatu. Mgawanyike wawili wawili, anayefungwa avue kiatu, na kila mmoja aanze kwa kutafuta mapigo ya mwenzake.